Mama Aliyekaa Nyuma ya Runinga

Nimepotea kidogo ndugu zangu, mnisamehe. Kazi za gazeti mnazijua, na Bariadi ukifika msimu wa pamba mwandishi hana pumziko. Lakini leo siandiki habari za pamba. Kuna jambo limenikaa rohoni kwa miezi kadhaa, na kila nikilisukuma kando linarudi.

Nilikwenda kuripoti kesi katika mahakama moja huku Kanda ya Ziwa. Jina la mahakama siandiki, wala la mshitakiwa, maana nia yangu si kumchongea mtu. Kesi yenyewe ilikuwa ya kutajwa tu. Siku hizi mahabusu hawaletwi kila mara kwa karandinga. Wengine wanabaki gerezani na kuonekana mahakamani kwa njia ya video. Mahakama mtandao, ndivyo inavyoitwa. Basi mezani kwa hakimu paliwekwa runinga, na juu ya runinga kamera ndogo. Runinga ilimtazama hakimu. Mawakili waliiona kwa kupinda shingo. Mimi na mwenzangu wa redio tulikaa pembeni, tukaambulia kipande.

Wananchi waliokaa kwenye mabenchi waliona mgongo wa runinga. Mgongo na nyaya.

Benchi la mbele alikaa mama mmoja mtu mzima, kitenge kipya, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametoka kijijini kwao, wilaya ya Itilima, tangu saa 10 alfajiri. Jina la mwanawe lilipoitwa, mama akasimama. Sauti ya kijana ikasikika: "Nipo mheshimiwa." Mama akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akatazama mlangoni. Sauti ya mwanawe imo chumbani, mwenyewe hayumo! Karani akamwambia kwa upole, "Kaa chini mama." Akakaa. Hazikupita dakika tano kesi ikaahirishwa, runinga ikazimwa, likaitwa jalada lingine.

Nje, chini ya mwarobaini, nikamsalimia: "Mwangaluka mayu." Akaitikia, kisha akaniuliza swali moja tu, kwa Kisukuma. Nyie mliokaa kule pembeni mmemwona. Amekonda?

Jibu nililompa nitalisema mwishoni, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Kabla sijaenda mbali niweke jambo moja wazi, asije mtu akasema kijana huyu anapinga sayansi na teknolojia. Sipingi. Anayepinga video mahakamani hajawahi kuona kesi inaahirishwa mara tano kwa sababu karandinga halina mafuta, au kwa sababu daktari aliyeandika ripoti amehamishiwa mkoa mwingine. Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 2. Kwa miaka mingi mashauri ya hapa yanayohitaji jaji yalikuwa yakienda Mahakama Kuu Kanda ya Shinyanga, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bariadi mjini. Ukitokea ndani kabisa Meatu, ongeza saa na ongeza nauli. Mtaalamu wa maabara aliyeko Mwanza akitoa ushahidi kwa video badala ya kupoteza siku mbili barabarani, tumeokoa fedha, na muhimu zaidi tumeokoa siku za mtu aliyeko rumande. Ndiyo maana zikatungwa kanuni za mashauri ya mtandao za mwaka 2021, Tangazo la Serikali Namba 637. Hilo ni jambo jema.

Ninachouliza mimi ni kingine. Hivi tulipofunga ile mitambo, tulidhani tunafunga nini?

Naona tulidhani tunafunga bomba la picha. Picha iingie huku, itokee kule, kazi imekwisha. Fundi akija anauliza spidi ya intaneti na mahali pa kuchomeka waya. Haulizi nani atakaa wapi, wala nani anatakiwa kumwona nani. Lakini mahakama ni mahali. Watu wanaingia, wanasimama, wanakaa, wanatazamana. Mshitakiwa anamwona anayemshuhudia. Shahidi anaijua sura ya anayemshuhudia. Mama anamwona mwanawe, na mwanawe akigeuka anamwona mama, anajua hajaachwa. Ukichukua picha peke yake ukaacha mahali, umechukua ganda ukaacha kokwa.

Wazee wa Kisukuma wanakijua kitu kinachoitwa shikome. Ule moto wa jioni uwanjani, ng'ombe wameshaingia zizini, wazee na vijana wamekaa kuuzunguka. Hapo ndipo zilipozungumzwa mali, ndoa, ugomvi wa mipaka, na ndipo kijana alipofundwa. Angalia ulivyopangwa. Moto uko katikati, si mbele. Hakuna anayeona mgongo wa mwenzake. Ukiongea, wote wanauona uso wako kwa mwanga uleule. Ukinyamaza, bado upo. Mtu aweza kukaa shikome jioni nzima asiseme neno, na kesho yake akihojiwa atakuambia, "Nilikuwepo." Huko ndiko kuwa pamoja. Kuongea ni sehemu yake ndogo tu.

Msidhani mambo haya hayawezekani kwa mashine. Yanawezekana, na watu wa kawaida wameshayagundua bila kumwita mhandisi. Jirani yangu hapa Bariadi ana binti anayefanya kazi za ndani Muscat, Oman. Zamani walikuwa wakipigiana simu ya video kama wengine wote: simu mkononi, uso umejaa kioo kizima, maneno mawili matatu, "haya baki salama." Siku hizi mama hashiki simu. Anaiegemeza kwenye kopo la Blue Band juu ya kigoda, inatazama uwanja. Yeye anachambua mchele. Huko Muscat binti ameegemeza yake jikoni, anakunja nguo. Zinapita dakika ishirini hawajasemezana kitu. Kuku akipita binti anacheka. Mtoto wa jirani akiingia anamsalimia shangazi yake wa kwenye simu kama vile amekaa pale kwenye mkeka. Nikamuuliza mama, mbona mnamaliza bando bila kuongea? Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kipumbavu. Akasema, "Kwani akiwa hapa huwa tunaongea muda wote?"

Tazama alichofanya mama huyu. Ameiondoa kamera usoni pake akaielekeza kwenye maisha yake. Binti yake sasa yupo uwanjani.

Waliosomea mambo haya wamefika palepale kwa njia ndefu zaidi. Novemba 1980 wasanii wawili wa Marekani, Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz, waliweka skrini kubwa kwenye dirisha la jengo la Lincoln Center, New York, na nyingine kwenye dirisha la duka huko Los Angeles, wakaziunganisha kwa satelaiti. Wakaziita Hole in Space, yaani tundu angani. Watu walionekana kwa kimo chao halisi, kuanzia kichwani hadi miguuni. Hapakuwa na kibao cha maelezo, wala hukujiona mwenyewe kwenye skrini kama tunavyojiona leo. Ulimwona wa upande wa pili tu, kama vile amesimama ng'ambo ya barabara. Jambo lile liliendelea kwa jioni tatu. Jioni ya kwanza watu walishangaa. Jioni ya tatu walikuja kwa miadi, ndugu na ndugu ambao hawakuwa wameonana kwa miaka. Wengine walilia. Na picha yenyewe haikuwa hata na rangi!

Miaka kumi na ushee baadaye, Wajapani wawili wa kampuni ya NTT, Hiroshi Ishii na Minoru Kobayashi, walitengeneza mtambo waliouita ClearBoard. Wewe na mwenzako aliye mbali mnachora juu ya kioo kimoja, na unamwona yeye kupitia kioo hichohicho. Kwa hiyo unaona anachochora, na unaona jicho lake linatazama wapi. Hilo la jicho si dogo. Kwenye vifaa vyetu vya kawaida kamera iko juu ya skrini. Ukimtazama mtu usoni kwenye skrini, yeye anakuona unatazama chini. Sasa fikiria kijana anayeulizwa swali na hakimu. Anamtazama hakimu kwa heshima zote, lakini hakimu anaona mtu anayekwepa macho. Na sisi tumelelewa kuamini kwamba anayekwepa macho anaficha jambo.

Kuna la sauti pia. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipokuwa hazijafika Dar es Salaam, intaneti yetu na dunia ilipitia satelaiti zinazokaa kilomita karibu 36,000 juu. Sauti kwenda na kushuka huchukua karibu robo sekunde. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri isizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Utasema robo sekunde ni nini? Ni muda wa kutosha watu wawili kuanza kuongea pamoja, wakanyamaza pamoja, kisha mmoja akaonekana ana kiburi au mzito wa kuelewa. Nyaya zimekuja, mkongo wa taifa umesambaa, lakini mtandao ukielemewa ucheleweshaji uleule unarudi. Hakimu anauliza, kijana anachelewa kujibu. Nani atajua kama ni kijana au ni mtandao?

Mtasema nakuza mambo. Basi tuangalie mahali walikopima. Mwaka 1999, mahakama za eneo la Chicago zilianza kuamua dhamana za makosa mengi mazito kwa video. Hakimu alikuwa chumba kimoja, mshitakiwa mbele ya kamera chumba kingine. Watafiti walipochambua kumbukumbu za miaka ya kabla na baada, katika utafiti uliochapishwa 2010, waligundua kwamba dhamana kwa makosa hayo zilipanda kwa wastani wa asilimia 51. Makosa ambayo washitakiwa wake waliendelea kuletwa ana kwa ana hayakupata mruko wa namna hiyo. Sheria ilikuwa ileile na mahakama ileile. Mpango ule ulisimamishwa Desemba 2008, baada ya kufunguliwa kesi ya kuupinga. Kwa hiyo mahali kamera ilipokaa paligeuka kuwa fedha, na fedha zikageuka kuwa siku za mtu kukaa ndani.

Hapa kwetu jambo hili lilifika kwenye kurasa za mbele mwaka 2025. Tundu Lissu, Mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga Aprili 9 na siku iliyofuata akasomewa shitaka la uhaini Kisutu. Aprili 24 kesi ilipopangwa kuendeshwa kwa njia ya mtandao, yeye akiwa gereza la Ukonga, alikataa kushiriki. Mei 19 akafikishwa Kisutu mwenyewe. Sitaki kuingia kwenye siasa za kesi ile, kila mtu ana upande wake. Ninachokiona ni kimoja. Mtu ambaye ni wakili mzoefu, anayejua mahakama ndani nje, aliona kuna tofauti kati ya kuonekana mahakamani na kuwepo mahakamani, na akaishupalia tofauti hiyo. Yeye alikuwa na mawakili na waandishi wa kumsemea. Yule kijana wa Itilima ana mama yake tu, na mama yake kawekwa nyuma ya runinga.

Halafu kuna kitufe cha kuzima sauti. Sijui wenzangu mmewahi kukifikiria. Kwenye mkutano wowote wa video kuna mtu mwenye uwezo wa kumnyamazisha mwingine bila hata kuinuka. Hakimu ana mamlaka ya kunyamazisha watu tangu zamani, hilo najua. Lakini chumbani akikunyamazisha anakwambia, na wote tunasikia amekwambia. Kitufe hakisemi. Midomo inacheza, sauti haitoki, na sisi tuliokaa pembeni hatujui kama mtu amekatwa au mtandao umekata. Tunapenda kusema haki isitendeke tu, ionekane ikitendeka. Sawa. Ionekane na nani?

Si mahakama peke yake. Vikao vya viongozi wa mkoa na wizara vinafanyika kwa video. Madaktari wanasomeana picha za eksirei kutoka mji hadi mji. Kesho na keshokutwa mwalimu mmoja wa fizikia atafundisha shule kumi kwa mpigo, na mkoa wenye uhaba wa walimu wa sayansi kama wetu utashangilia. Nami nitashangilia. Lakini kama tutafunga kila kitu kwa mtindo wa mkubwa mbele na wengine vichwa vidogo pembeni, tutakuwa tumejenga ofisi ya mkuu kila mahali, na hatujajenga shikome hata moja.

Mtaniuliza ninataka nini. Sitaki mitambo ya Kijapani. Nataka vitu vinne, na sidhani kama bei yake inafikia posho za semina moja.

Kwanza, runinga ya pili inayotazama mabenchi. Kila aliyekuja kusikiliza amwone anayesikilizwa.

Pili, kule gerezani kamera irudi nyuma. Mtu aonekane akiwa amekaa, mikono yake ionekane, na chumba kionekane. Nikimwona uso tu sijui nani amesimama pembeni yake na anamtazama kwa jicho gani. Na yeye aonyeshwe chumba chote cha mahakama, siyo paji la uso wa hakimu.

Tatu, simu ya faragha kati ya mshitakiwa na wakili wake wakati shauri linaendelea. Chumbani wakili humwinamia mteja wake akamnong'oneza. Kwenye video ananong'oneza wapi, wakati kila neno linasikika kwa wote?

Nne, na hili ndilo naliombea kuliko yote: shauri likiisha, kabla hamjazima, mpeni mama dakika mbili. Asogee mbele ya kamera. Aonane na mwanawe. Karandinga lilikuwa na mabaya yake mengi, lakini lilikuwa na jema moja ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Kati ya mlango wa karandinga na mlango wa mahakama palikuwa na hatua kama ishirini, na katika hatua hizo ishirini ndugu walimwona ndugu yao. Walimtazama mwendo. Walijua kama anachechemea. Tulipoiondoa safari ile tuliondoa na zile hatua ishirini, na hakuna aliyekumbuka kuziweka mahali pengine.

Sasa nirudi pale chini ya mwarobaini.

Mama aliniuliza kama mwanawe amekonda. Kwa nilipokaa nilikuwa nimeona paji la uso, kipande cha shavu, na mwanga wa taa ukizagaa. Picha iliganda mara mbili. Ukweli ni kwamba sikujua. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kusema nilichokiona na kunyamaza kwa nisichokiona. Lakini yule mama alikuwa ameondoka kwake saa 10 alfajiri, na alikuwa na safari ya kurudi.

Nikamwambia, "Hajakonda mayu. Yuko vizuri."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda stendi.

Habari niliyotuma gazetini siku ile ilikuwa na aya nne. Zilikuwemo namba ya kesi, jina la hakimu, shitaka na tarehe ya kuahirishwa. Nilisoma tena jana, haina kosa hata moja. Ila kijana yule sijamwona mpaka leo, na mama yake anaamini nilimwona.